Gauni la Boksi la Betri

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwanza ofisini kwa shangazi Odilia, pale Msamala. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu: meza mbili, benchi la wateja, na kompyuta moja ambayo shangazi aliiheshimu kuliko baadhi ya ndugu zake. Mwaka ule wa 1999 kompyuta mjini Songea zilikuwa za kuhesabu. Watu walileta barua zao, katiba za vikundi na kadi za harusi, shangazi akawapigia chapa. Mimi nilimwamkia, nikala chakula alichoniwekea, kisha nikapangusa vumbi. Na vumbi la Msamala wakati wa kiangazi, acha tu.

Umeme wetu nao ulikuwa na tabia zake. Ulikatika bila kuaga. Kwa sababu hiyo shangazi alinunua boksi la betri, zito, la rangi ya maziwa, ambalo mafundi huliita yupiesi. Umeme ukikatika, boksi lililia pii, pii, na kompyuta ikaendelea kuwaka kwa dakika kumi hivi. Shangazi alihifadhi kazi yake kwa utulivu, akazima mwenyewe. Alilinunua mwezi wa kwanza kwa Mzee Swalehe, mfanyabiashara wa kutoka Tunduru aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Mzee Swalehe ndiye baba yake Zuhra, na Zuhra nilikaa naye dawati moja tangu darasa la pili.

Sasa mimi nilikuwa na ugonjwa wa kufuma. Mwalimu wa stadi za kazi alitufundisha kufuma vitambaa, na tangu hapo nyumbani hakikubaki kitu uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, chupa ya chai ilikuwa na kitambaa, na viti navyo hivyo hivyo. Nikaona boksi la watu linakula vumbi, tena lina vijitundu pembeni. Nikalifumia gauni la bluu na nyeupe, refu mpaka sakafuni, na kwa ndani nikashonea kipande cha blanketi ili vumbi lisipenye kabisa. Ilikuwa mwezi wa sita.

Shangazi hakuwa na mtoto. Mimi ndiye niliyeishi naye, mama yangu akiwa kijijini Mpitimbi na wadogo zangu. Alipoliona lile gauni alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikashindwa kupumua.

"Benigna, hajawahi mtu kunifumia kitu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Haya, boksi letu limepata gauni."

Basi likaitwa gauni. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa.

Mwezi wa tisa mambo yakaharibika. Umeme ulikatika shangazi akiwa katikati ya kuchapa mtihani wa shule moja. Boksi lililia pii mara moja tu, kompyuta ikazima papo hapo. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu zilipotea kurasa tano alizoziandika tangu asubuhi. Shangazi alikaa akikitazama kioo cheusi, kisha akachukua mtandio wake akatoka. Nilimfuata mbio.

Dukani kwa Mzee Swalehe palikuwa na wateja wanne.

"Baba Zuhra, umeniuzia boksi bovu," shangazi alisema, hata salamu hakutoa.

"Dada Odilia, karibu ukae kwanza," Mzee Swalehe alijibu kwa upole. "Nililiuza likiwa zima, Mungu ni shahidi. Lilete nilitazame."

"Ulitazame nini tena? Wewe ni tapeli tu kama matapeli wengine."

Wateja wote wakageuka kumtazama. Mzee Swalehe aliinamisha macho, akaendelea kukunja waya wa mteja, akaukosea, akaukunja upya. Zuhra alikuwa amesimama nyuma ya kaunta. Hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi.

Kesho yake Zuhra alihamia dawati la nyuma. Maneno hayakawii kusafiri, na wakati wa mapumziko wavulana wawili walimwita binti tapeli. Alijifanya hasikii. Iliniuma sana, lakini nilijifariji kwamba kosa ni la baba yake. Kwani mimi nilimtuma auze vitu vibovu?

Jumamosi shangazi alimwita fundi Tumpe, dada mmoja wa Kinyakyusa aliyehamishiwa Songea kutoka Mbeya kufanya kazi ya mitambo ya simu. Kwa kuwa tulitarajia mgeni, Ijumaa nilideki ofisi na kufua kila kitambaa. Gauni nalo nililifua, nikalianika nyuma kwenye kamba.

Fundi Tumpe hakuwa mtu wa haraka. Alichomeka taa ya mezani kwenye soketi ya ukutani, ikawaka vizuri. "Ukutani hakuna tatizo," alisema. Akabadilisha waya wa boksi, akakuta nao ni mzima. Kisha akachomoa kompyuta na kuchomeka ile taa kwenye boksi. "Hatujaribii kwenye kompyuta, tutaiumiza bure. Mdogo wangu, nikichomoa boksi ukutani uanze kuhesabu."

Nilianza kuhesabu. Nilipofika saba, taa ikazima.

"Betri nzima ingeiwasha taa hii robo saa na zaidi," alisema Tumpe. Alifungua boksi akatoa betri. Ilikuwa imevimba ubavu mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. "Imekufa. Lakini ina miezi tisa tu, na betri za namna hii huishi hata miaka mitatu. Kinachoziua mapema hivi ni joto. Mama, boksi hili huwa mnalifunika?"

"Hapana," shangazi alijibu bila wasiwasi. "Hukaa hivi hivi unavyoliona."

Shangazi hakudanganya. Kwake yeye gauni lilikuwa gauni, pambo la nyumba. Hakuna aliyewahi kusema kwamba tumelifunika boksi. Mimi ndiye niliyeshona lile blanketi kwa ndani, nikaelewa papo hapo.

"Kama ni hivyo, huenda betri ilitoka dukani ikiwa mbovu," alisema Tumpe.

"Si nilisema? Niandikie hayo kwenye karatasi, fundi. Nitakwenda kumsomea mbele ya wateja wake."

Tumpe akachukua kalamu. Mimi niliona gauni dirishani, linapepea kwenye kamba. Nilimwogopa shangazi. Nilifikiria vile alivyonikumbatia, nikaona hatanikumbatia tena maishani. Nikinyamaza hakuna atakayejua, si fundi, si shangazi, wala Zuhra. Hapo nikamkumbuka Mzee Swalehe akiukunja upya ule waya, nikaona aibu. Nilitoka nje, nikalivuta lile gauni likiwa bado bichi kwenye pindo, nikarudi nalo.

"Fundi, naomba usiandike," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. "Huwa linavaa hili, tangu mwezi wa sita."

Tumpe alilipokea, akalipima kwa vidole, akagusa blanketi la ndani. Aliweka kiganja chake juu ya boksi, akaniambia niweke na changu. Lilikuwa vuguvugu. Akairudisha betri, akalivisha boksi gauni, akalichomeka ukutani, akaomba chai. Tulipomaliza chai aliniambia nipitishe mkono chini ya gauni. Nilipogusa boksi niliutoa mkono haraka. Lilikuwa linachoma.

"Vijitundu hivi ndiyo pua zake," alisema. "Vumbi ni baya kweli, lakini unalifuta kwa kitambaa kikavu, basi. Hapa lilikuwa linapikwa tangu mwezi wa sita."

Shangazi aliketi kwenye benchi la wateja. Alilitazama lile gauni.

"Nisamehe, shangazi," nilisema huku nalia. "Nilitaka lisiingie vumbi."

"Njoo hapa." Alinifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Gauni ulifuma wewe, na ulifuma kwa kunipenda. Neno tapeli nilitoa mimi, tena kwa hasira. Kanawe uso twende."

Dukani siku hiyo wateja walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Ningekuwa mimi ningesubiri waondoke. Shangazi alisimama katikati yao.

"Ndugu zangu, Jumatano nilimwita Baba Zuhra tapeli hapa hapa. Hakuniuzia kitu kibovu. Sisi ndio tulioliharibu boksi. Baba Zuhra, nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe."

Mzee Swalehe aliweka chini bisibisi aliyoishika. "Nimekusamehe, dada Odilia. Nani amekwambia ukweli?"

"Huyu mtoto. Amesema mwenyewe, hakuulizwa."

Nilimwamkia shikamoo, macho yangu yakiwa sakafuni.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, akaniwekea mkono kichwani. "Usiku wa juzi nilikuwa nawaza nifunge duka nirudi Tunduru. Ungenyamaza, ningebaki tapeli mpaka naingia kaburini, na nisingejua hata kwa nini."

Zuhra alisikia yote. Alichukua betri mpya kutoka rafuni, akanipa upande mmoja niishike, naye akashika upande wa pili. Betri ile mtu mmoja angeibeba peke yake. Tulikwenda nayo hivyo hivyo mpaka Msamala, wawili, bila kuongea.

Fundi Tumpe aliifunga betri, akasogeza boksi mbali na ukuta. Saa kumi umeme ukakatika kama kawaida yake. Pii, pii, pii. Kompyuta haikutikisika. Shangazi alimalizia sentensi yake, akahifadhi mtihani wote, akazima mwenyewe. Kisha akageuza kiti akatutazama sisi wawili.

"Sikilizeni. Fundi alikagua ukuta, akakagua waya, akakagua betri. Hakuwa na kifaa cha kukagua kilichokuwa moyoni mwa Benigna. Kuna ukweli ambao mnaujua ninyi peke yenu, na msipousema mtu mwingine ataubebea aibu. Usemeni hata kama utawaletea aibu ninyi. Na mimi mtu mzima nilipaswa kuuliza kabla ya kutukana, kwa hiyo leo tumefundishwa wote."

"Ndiyo, shangazi," nilijibu.

Zuhra naye aliitikia. Kisha akanigeukia, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumatano.

"Jumatatu narudi kwenye dawati letu. Lakini safari hii mimi ndiye nitakayekaa upande wako wa dirishani."

Nilimwambia akae popote anapotaka.