Siku Nne Kabla ya Kliniki

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, na jina lilimkaa. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilikuwa na mashine mbili za kutotolesha mayai. Watu walileta mayai kwenye trei, na baada ya siku ishirini na moja walirudi kuchukua vifaranga. Mume wake alitengeneza baiskeli kwenye kibanda mbele ya nyumba. Yeye mtaa ulimwita Fundi. Mke wake pia alimwita Fundi, hata siku alizompenda sana.

Siku ya saba ya kila trei, Mama Vifaranga alifunga dirisha, akawasha tochi, akayapima mayai moja moja. Yai zima lilionyesha mishipa myembamba ya damu. Yai lililoharibika lilionyesha duara la damu, au doa lisilotikisika. Alifanya kazi hiyo haraka bila kukosea, na alijivunia macho yake.

Alikuwa na kisukari mwaka wa saba sasa. Kliniki ilikuwa kila baada ya miezi mitatu, naye alikuwa na mpango wake. Siku nne kabla ya kliniki, chai haikutiwa sukari. Wali ulipungua kwenye sahani. Vidonge vilitoka kabatini, vikamezwa asubuhi na jioni kama daktari alivyoandika. Jioni alitembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Siku ya kliniki alichomwa kidole, namba ikatoka nzuri, akasifiwa. Akiwa njiani kurudi, alinunua soda baridi akainywa yote. Vidonge navyo vilirudi kabatini kupumzika.

Fundi aliyajua yote hayo.

"Naona umeanza kujipanga," alimwambia kila alipomwona anakunywa chai huku amekunja uso.

"Wewe kunywa yako, niache na yangu," mkewe alimjibu.

Fundi alicheka, na mambo yakaishia hapo.

Lakini jambo moja halikuwachekesha. Mama mzazi wa Mama Vifaranga alipofuka kwa kisukari. Kwa miaka sita bintiye alimshika mkono kumpeleka bafuni, akamkatia chakula, akamwambia nani ameingia mlangoni. Kwa hiyo Mama Vifaranga aliogopa kliniki ya macho kuliko kitu chochote. Kila alipopewa karatasi ya kwenda huko, aliikunja akaisukuma chini ya trei za mayai. Alijiambia kwamba asipopimwa, hakuna atakayempa habari mbaya.

Safari hii kliniki ilikuwa na muuguzi mpya, binti mpole mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Muuguzi alimchoma kidole. Namba ilikuwa sita nukta moja. Mama Vifaranga akainuka, mkoba mkononi.

"Bado, mama. Leo nataka na damu ya mkononi, na mkojo kidogo. Majibu njoo Jumatatu. Uje na mzee, kama ana nafasi."

Jumatatu Fundi alifunga kibanda, akanawa grisi, akamsindikiza mkewe. Muuguzi aliwakalisha wote wawili mbele ya meza yake.

"Mama, kidole kilikuwa kizuri," alianza. "Lakini damu hii ya mkononi inaonyesha wastani wa miezi mitatu. Wako ni asilimia tisa nukta nane. Wagonjwa wengi tunapenda wawe karibu na saba."

"Mashine yenu imekosea," alisema Mama Vifaranga.

Fundi alikohoa. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Fundi akauvuta mguu wake.

"Mashine haijakosea, mwanangu," alisema. "Mke wangu hujipanga. Siku nne kabla ya kuja hapa ni mgonjwa mzuri sana. Zikipita hizo, basi tena."

Mama Vifaranga alimgeukia mumewe. "Fundi, unanichongea mbele ya mtoto?"

"Nimenyamaza miaka saba, mke wangu. Nilidhani nakufurahisha. Leo nimeogopa."

Muuguzi hakucheka wala hakukaripia.

"Si wewe peke yako, mama," alisema. "Wengi hujipanga hivyo. Kidole kinaeleza sukari ya saa ile tu. Lakini sukari ikizidi mwilini, hujishika kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi miezi mitatu hadi minne. Kipimo hiki kinaangalia sukari iliyojishika huko, kwa hiyo siku nne hazitoshi kuibadilisha. Tena kujinyima chakula ghafla huku unameza vidonge ni hatari. Sukari inaweza kushuka sana ukaanguka."

"Sasa hiyo tisa nukta nane itanifanya nini? Mimi siumwi popote."

"Sukari ikikaa juu muda mrefu, huharibu mishipa midogo. Iliyo midogo sana iko nyuma ya jicho na kwenye figo. Mkojo wako umeonyesha protini kidogo, maana yake figo zimeanza kuguswa. Presha nayo iko juu kidogo. Nikiviweka pamoja vyote hivyo, vinaniambia macho yako yako hatarini. Haviniambii yana hali gani. Hilo tutalijua tukiangalia ndani ya jicho."

"Macho yangu ni mazima, mwanangu. Mimi naona mshipa ndani ya yai."

Muuguzi alitabasamu. "Unauona kwa kuangalia ganda?"

"Hapana. Kwa tochi."

"Na yai likianza kuharibika, ganda linabadilika?"

Swali hilo Mama Vifaranga mwenyewe aliwajibu wateja wake karibu kila wiki.

"Ganda halibadiliki," alisema taratibu.

"Jicho nalo mwanzoni haliumi, na mtu anaona kama kawaida. Akianza kuona ukungu au madoa meusi, mara nyingi ugonjwa umeshaenda mbali."

Machozi yalimjia Mama Vifaranga. Hakuyaficha. "Mama yangu alipofuka. Naogopa kuambiwa kwamba na mimi nitapofuka."

"Pole sana, mama. Yeye alipimwa macho mara ngapi?"

"Hakupimwa hata mara moja."

"Wewe tutakuwahi," alisema muuguzi. "Mishipa ikianza kuvuja, kuna tiba ya miale ya leza, na kuna sindano. Wengine hawahitaji hata hizo, wanashusha sukari na presha tu. Kinachotushinda ni mtu akichelewa."

Fundi aliushika mkono wa mkewe mezani. Mkewe hakuuondoa.

Wiki hiyohiyo walikwenda kliniki ya macho. Mama Vifaranga alitiwa dawa ya matone ya kupanua mboni. Aliweka kidevu kwenye mashine, na daktari akamulika mwanga mkali ndani ya jicho moja, kisha la pili. Alitamani kukimbia, lakini alitulia.

"Jicho la kulia ni zuri," alisema daktari. "La kushoto lina vidoa vichache vya damu. Ndio mwanzo wenyewe. Kwa sasa huhitaji leza. Tunza sukari na presha, urudi baada ya miezi sita. Ukiona mabadiliko yoyote, usingoje."

Mama Vifaranga alilia hadi nyumbani. Alilia kwa hofu, na alilia kwa sababu mzigo wa miaka mingi ulikuwa umemtoka.

Baada ya hapo vidonge vilihama kabatini. Alivipanga karibu na mashine, akavimeza kila alipohudumia mayai asubuhi na jioni. Sahani yake ilijaa mboga na maharage, na wali ukawa kidogo. Hakujinyima tena hadi kutetemeka. Alikula kwa wakati. Jioni walitembea pamoja, Fundi akisukuma baiskeli ya mteja. Fundi naye aliacha sukari kwenye chai. Wiki ya kwanza alinuna mfululizo.

"Nani kakulazimisha?" mkewe alimuuliza.

"Wewe unywe chai chungu, mimi nikoroge tamu mbele yako? Sina uso huo."

Siku moja Mama Vifaranga alikunywa soda nyumbani kwa mteja. Aliporudi alimwambia Fundi bila kuulizwa. Kesho yake aliendelea pale alipoachia.

Baada ya miezi mitatu, wastani ulikuwa nane nukta nne. Baada ya miezi sita, saba nukta mbili. Presha nayo ilishuka. Mama Vifaranga alifurahi mno.

"Basi kliniki ya macho siendi tena," alimwambia muuguzi. "Damu imeshajibu."

"Utaenda, mama. Damu nzuri inapunguza hatari, haiifuti. Mwenye kisukari anapimwa macho angalau mara moja kwa mwaka, hata akiona vizuri, hata damu ikiwa nzuri. Wewe umeambiwa miezi sita, na miezi sita imefika."

Akaenda. Alitiwa matone, akamulikwa. Daktari alilitazama jicho la kushoto muda mrefu.

"Vidoa havijaongezeka," alisema daktari. "Vingine vimefutika. Endelea hivyohivyo."

Alitoka nje akiwa haoni vizuri, maana dawa ilikuwa haijaisha nguvu. Kila kitu kiliwaka na kufifia. Fundi alimpokea mlangoni, akamwongoza hadi kwenye benchi la kivulini. Walikaa hapo wakisubiri dawa iishe. Walikula machungwa mawili na kuzungumza habari za watoto wao. Saa zilipita.

Kidogo kidogo vitu vilirudi mahali pake. Kwanza ukuta, kisha viatu vyake mwenyewe, kisha uso wa mume wake. Mama Vifaranga alimtazama kwa muda mrefu.

"Fundi, vifungo vya shati umevifunga ovyo. Upande mmoja umepanda juu."

"Nilivifunga hivyo ulipokuwa ndani," alisema Fundi. "Nilitaka nijue ukianza kuniona."

Mama Vifaranga alisogea karibu, akavifungua vifungo kimoja kimoja, akavifunga upya.