Harufu ya Kitunguu Saumu

Mume wangu ni fundi wa samani. Kila jioni hurudi na rangi kwenye kucha, hilo nimelizoea. Lakini siku moja alirudi mdomo unanuka kitunguu saumu, na mimi sikipiki, kwa sababu yeye mwenyewe hakipendi.

"Umekula wapi?"

"Sijala popote, mke wangu."

"Basi mdomo umeenda kula peke yake!"

Nililala nimempa mgongo. Kesho yake, harufu ile ile. Tena kichwa kinamuuma, jasho linamtoka, mikono inatetemeka mpaka chai ikamwagika. Nilikuwa na hasira, sasa nikaogopa. Nikamwita wifi yangu, dada yake, anayefanya kazi katika kiwanda cha dawa.

"Kaka, rangi ya zamani mnaitoaje kwenye viti?" wifi aliuliza.

"Kuna maji fulani, yanateleza kama mafuta. Hayanuki. Asubuhi ya baridi yanaganda, tunayaanika juani kwanza. Jioni tunanawia, mikono inatakata."

"Mnanawia? Na ile dawa ya mchwa ya mbao mnapaka saa ngapi?"

"Kabla ya kunawa."

"Mungu wangu! Mnajiua! Hiyo ni daimethili salfoksaidi, kemikali yenye salfa. Kazi yake ni kuyeyusha vitu. Sisi tunayeyushia dawa, wengine wanasafishia mashine, nyinyi mnatolea rangi. Lakini inapenya ngozi upesi, na inaweza kupenya pamoja na kilichoyeyuka ndani yake. Sumu ya mchwa iliyo mkononi mwako unaiingiza mwilini mwenyewe! Hiyo harufu ni salfa inayotoka kwa pumzi."

"Glovu je?" niliuliza.

Mume wangu akainama. "Tajiri mwenye karakana anasema glovu ni za waoga. Anasema yale maji ni salama, yanalainisha mikono."

Loo! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Hospitali kwanza," wifi alisema. "Mchukue na kopo la dawa ya mchwa, daktari alione."

Alitibiwa, akaambiwa apumzike. Mimi sikupumzika. Nilivaa glovu nzito za mpira alizonipa wifi, nikaenda karakanani. Mafundi wote walikuwepo. Nikamimina yale maji kwenye beseni, kando nikaweka brashi ya dawa ya mchwa.

"Tajiri, paka hiyo dawa mikononi, halafu unawe kwa maji haya."

Akacheka. "Mama, utani gani huu?"

"Si ni salama? Si yanalainisha? Mume wangu amelala kitandani anatetemeka! Nawa!"

Kicheko kikakatika. Tajiri akatia mikono mifukoni.

Mafundi waliona wote. Fundi wa vanishi akaweka brashi chini. "Kumbe yeye hanawi," alisema. "Basi na sisi hatushiki kazi."

Kesho yake glovu nzito zikaletwa, na sabuni na bomba la maji. Sasa hakuna anayenawia kemikali. Tajiri hanisalimii tena. Asinisalimie!

Mume wangu alipona, akarudi kazini. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni, akafungua mdomo wazi.

"Nusa mwenyewe, kabla hujaniuliza."

Nikanusa. Kitunguu saumu hakikuwepo. Ilikuwa harufu ya chai tu. Machozi yakanilenga, lakini sikumwonyesha.

"Chai ya nani?" nikamuuliza.