Streti au Boksi

Maziwa yalikuwa yameisha. Hicho tu ndicho kilichonitoa nyumbani jioni ile ya Desemba.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na Columbus ilikuwa giza tayari. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini ghalani, nimevua buti, nimekaa kwenye kochi bila kuwasha taa. Huo ulikuwa mwaka wa tatu naishi peke yangu, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini nakaa gizani.

Kaka yangu Zabroni alikuwa Louisville, upande wa Highview. Mdogo wetu, Delfina, alikuwa kaskazini, Tonawanda, kwenye kiwanda karibu na Buffalo. Mimi, Jovini, niko katikati, kwa kuzaliwa na kwa barabara. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma tulilala watatu kwenye mkeka mmoja. Huku Amerika tulikuwa tunaonana kwa simu, Jumapili baada ya ibada, nayo si kila Jumapili.

Nikatembea hadi duka la kituo cha mafuta. Nikachukua maziwa. Kisha, kama kawaida yangu, nikasogea kwenye kile kimeza cha pembeni penye karatasi za bahati nasibu. Nilikuwa nacheza ile ya namba nne, droo ya jioni. Mara zote boksi. Streti inalipa vizuri zaidi, lakini lazima namba zitoke kwa mfuatano uleule ulioandika. Boksi, hata zikitoka zimevurugika, umepata, ingawa kidogo. Mimi ni mtu wa boksi. Sipendi kujiweka mahali pamoja nikakosa vyote.

Kwanza ilikuja harufu.

Moshi wa kuni mbichi. Na uji ulioungua...

"Mwanangu," sauti ikanong'ona nyuma yangu. "Nisaidie kuandika. Macho yangu hayaoni."

Kilikuwa Kiswahili cha kambini. Nikageuka. Mama mzee, mfupi, kitenge chepesi begani. Miguuni alikuwa na kandambili, na vidole vyake vilikuwa na tope jekundu, bichi, linalodondoka. Nje ardhi ilikuwa imeganda wiki mbili.

Nilipaswa kuondoka. Najua. Lakini aliniuliza, "Umekula?"

Sikumbuki mtu wa mwisho kuniuliza hivyo.

"Bado, mama," nikasema. Na nikachukua kalamu.

"Sita," akasema. "Sifuri. Mbili. Nane."

Mkono wangu ukasimama.

Hizo zilikuwa tarakimu za mwisho za kadi yetu ya chakula kambini. Nikiwa na miaka saba nilisimama nayo kwenye foleni ya unga na mafuta, nikizirudia kichwani nisizisahau. Hakuna mtu wa Columbus aliyezijua.

"Nani alikupa namba hizi?"

"Wewe ni wa Spés," akanong'ona. "Wa katikati."

Spés ni mama yetu. Tulimzika Kigoma kabla hatujaitwa kuja Amerika.

Friji za vinywaji, zile zinazonguruma mchana kutwa... zilinyamaza zote kwa pamoja.

"Andika, mwanangu. Streti... au boksi?"

"Ni namba zako, mama. Chagua wewe."

"Mimi sichagui." Akasogea. Pumzi yake ilikuwa baridi kuliko hewa ya nje. "Mimi nauliza tu."

Nilitaka amalize aende. Nikasema kile ninachosema kila siku.

"Boksi."

Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

"Kwa hiyo yeyote."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikapeleka karatasi kwa muuzaji, nikalipa, nikageuka nimpe tiketi yake. Hakuwepo. Palikuwa na alama mbili za tope pale aliposimama. Mbili tu. Hakuna iliyoelekea mlangoni.

Niko katikati ya njia, maziwa mkononi, ndipo neno lile likanigutusha. Namba ni yoyote. Yeyote... ni mtu.

Nilijiambia ni lugha ya wazee. Nikafika nyumbani, safari hii nikawasha taa zote. Saa moja na nusu nikafungua simu kutazama droo.

Mbili. Nane. Sifuri. Sita.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, peke yangu, nimesimama jikoni. Kisha nikatafuta wa kumwambia, nikampigia Delfina. Nilijua ni saa yake ya kupumzika kiwandani.

Simu iliita muda mrefu. Aliyepokea hakuwa yeye.

"Ni Chimène." Mkongo, rafiki yake wa kazini, nilimfahamu kwa sauti. Alikuwa akilia. "Jovini... ikaa kwanza chini."

"Delfina yuko wapi?"

"Alilaza kichwa ku meza. Tulifikiri iko na usingizi. Nikamugusa..."

"Lini? Saa ngapi?"

"Sasa hivi, Jovini. Sasa hivi tu."

Madaktari walisema ni moyo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Tulimzika Buffalo, theluji ikitufika magotini. Watu wa kanisa waliimba Kirundi, wakatupikia, wakarudi makwao. Zabroni alikuwa amekuja kwa basi, nikamwambia nitampeleka hadi Columbus, apande jingine pale kwenda Louisville. Tukaondoka asubuhi. Tulipokwisha kupita Cleveland, Zabroni akaanza kusimulia.

"Delfina alikuwa mchanga," akasema, akitazama dirishani. "Hukumbuki. Kambi nzima iliharisha. Sisi watatu tulikuwa tumelala kama magogo. Mama akaenda kwa yule mwanamke aliyekaa peke yake nyuma ya makaburi. Mimi nilikuwa macho aliporudi naye."

"Mwanamke gani?"

"Alitupa dawa. Akasema wote watatu watapona, lakini mmoja lazima arudishwe kwake. Akamwambia mama achague. Mama akapiga magoti. Akasema siwezi kuchagua. Waulize wenyewe, wakishakuwa watu wazima."

Gari lilitaka kuniponyoka. Nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Mwaka jana alikuja Highview," Zabroni akaendelea. "Dukani. Na namba ya kadi yetu. Akaniuliza streti au boksi. Nilimjua, Jovini. Nikajua anachouliza. Nikasema streti, kwa mfuatano, nianze mimi niliyetangulia kuzaliwa. Droo ikapita, namba haikutoka. Nikadhani yameisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Delfina nilimwambia zamani. Wewe... wewe ulikuwa mtu wa kuogopa."

Kisha nikamwambia. Maziwa, tope, karatasi. Nikamwambia neno nililosema.

Zabroni hakupiga kelele. Aligeuka, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Delfina ameacha watoto wawili," akasema. "Mimi sina hata paka."

Kituoni Columbus aliteremka, akachukua begi lake kiti cha nyuma. Nilitoka nimkumbatie. Alikuwa ameshavuka barabara.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Juzi Jumapili Chimène alinipigia.

"Kuko kitu sikukuambia," akasema. "Ile juma alikufa, Delfina alikuwa ananiuliza mambo ya loto. Yeye mwenye hajachezaka hata siku moja! Eti streti na boksi, tofauti ni nini. Bon, nikamuelezea."

Nilikaa chini bila kuambiwa.

"Akasema nini?"

"Aliniuliza: na kama mutu ni wa mwisho, hawezi kuomba aanze yeye?" Chimène akavuta kamasi. "Nikacheka. Nikamuambia, donc, hiyo haiko ku karatasi. Akasema, 'Basi nitamuuliza.' Nikasema, utamuuliza nani?"

"Na?"

"Alikuwa anaangalia ku mulango, kama mutu iko anamungojea."

Kwa hiyo tuliulizwa wote. Mkubwa alijitoa. Mdogo alijitoa. Kilichosikilizwa jioni ile, ombi lake au neno langu, sikijui, na sioni wa kunijulisha.

Nataka kumwambia Zabroni. Tangu juzi nampigia. Simu yake inaita... inaita... hadi inakatika yenyewe, nami nabaki nimeishikilia sikioni, nikisikiliza nyumba yangu.