Lori Lisilo na Injini na Mtu Aliyekufa Kate

Utabisha, najua. Lakini hili lilitokea Sumbawanga, mwaka 1956, Mwingereza bado yuko boma. Lori lililokufa, halina injini, kuku wanataga ndani yake, liliua mtu huko kijiji cha Kate! Usicheke. Kaa nikuhadithie.

Lori lenyewe lilikuwa mtaa wa Katandala, nyuma ya duka la Hamis. Baba yake, marehemu mzee Bashiri, alilinunua baada ya vita. Lilibeba ulezi. Lilibeba samaki, migebuka mikavu kutoka ziwani. Mji mzima ulilijua. Kisha injini ikafa. Hamis akaing'oa, akampa Alois, mhunzi wa Kasense, aliyetaka chuma kizito cha kupondea majembe. Lori likabaki juu ya mawe, miaka mitatu.

Mwantum, mke wa Hamis, aliokota mayai chini ya usukani kila asubuhi.

"Baba Kulsumu, hili ni gari au banda?"

"Mwache marehemu apumzike," Hamis alijibu. Lori lile aliliita marehemu, kama baba yake.

Siku moja akaja mgeni, kofia ya kahawia, maneno matamu. Alisema ananunua vyuma chakavu. Sasa, mnunuzi wa chuma hugonga chuma. Huchungulia kutu. Huyu hakugonga kitu. Aliangalia mbele ya lori, akaangalia nyuma, basi.

"Kadi yake ipo?" aliuliza.

"Ipo," alisema Hamis.

"Nalichukua kesho."

Wala hakuomba apunguziwe bei. Mwantum aliona ajabu.

Mchana huo wakaliandaa lori. Hamis aliwafukuza kuku, akafagia punje za ulezi zilizonasa kwenye mbao. Mwantum akaleta maji na majivu.

"Hivi vibao vya namba tuving'oe?" aliuliza.

Hamis alishtuka kama ametukanwa. "Ving'olewe? Hilo ndilo jina lake! Baba yangu alizikwa na jina lake. Na hili litaondoka na jina lake."

Basi Mwantum akapiga magoti, akasugua vibao kwa majivu, cha mbele na cha nyuma, mpaka vikang'aa kama sufuria ya harusi. Kadi ya gari akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaiweka chini ya kiti.

Jirani yao Abdala akapita, akacheka. "Mama Kulsumu, sanda mmeshaishona?"

Wote wakacheka. Kesho yake lori likapakiwa juu ya lori lingine. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Walishikana mikono tu, mgeni akaondoka. Hata jina lake hawakumuuliza.

Wiki tatu zikapita. Siku hizo hakuna simu ya mkononi. Habari ilikuja kwa baiskeli, na iliyokuja ilikuwa mbaya. Askari aliegemeza baiskeli mlangoni.

"Hamis bin Bashiri? Lori lako limegonga mwanamke Kate. Amefariki. Dereva hakusimama."

Hamis akacheka. "Afande, lori langu? Lile lisilo na injini?"

Askari hakucheka. "Watu walisoma namba. Zilikuwa zinang'aa. Hata mtoto angezisoma."

Mwantum alikuwa anapima chumvi. Kibaba kikamtoka mkononi.

Akamchukua Hamis, Mwantum akawafuata nyuma. Pale boma karani Beda alifungua kitabu kikubwa, akaweka kidole.

"Mama, hapa lori bado ni la mumeo."

"Tuliliuza! Lilikuwa limekufa!"

"Mliniambia mimi? Kitabu hakijui gari limekufa. Mumeo amtaje dereva."

"Hamjui, bwana karani."

"Basi atakaa ndani mpaka amjue."

Duka likafungwa. Wateja wakahamia kwingine. Mtoto Kulsumu akaanza kuamka akimwita baba yake. Mwantum alipopeleka chakula mahabusu, Hamis alikirudisha vilevile, hajagusa. Alikonda, macho yakaingia ndani.

"Kula, baba Kulsumu."

"Nimeua mtu, Mwantum. Nimekaa dukani kwangu nauza sabuni, na nimeua mtu."

"Hukuua."

"Jina la baba yangu ndilo lililoua."

Mwantum alikifunika chakula. Moyoni alijua: Hamis alikataza vibao visitolewe, lakini mkono uliosugua ulikuwa wake.

Siku ya tisa akaenda kwa mzee Zenon, fundi wa magari. Alimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo, mzee Zenon."

"Marahaba. Sema, nakusikia."

Mwantum akasema yote. Miguu ikatulia. Mzee akatoka chini, uso umejaa grisi.

"Na vibao mkamwachia?"

"Tulimwachia."

"Na kadi?"

"Na kadi. Kwenye kitambaa cheupe."

"Loo! Mama Kulsumu! Yule hakununua chuma. Alinunua vibao na kadi! Ana lori lake bovu, halina haki ya kuwa barabarani, amelivisha jina lenu. Likiua, mnaua nyinyi." Akafuta mikono kwa hasira. "Gari likifa, unang'oa vibao vyote viwili kwanza. Unavipeleka boma pamoja na kadi, karani anafuta jina lako kwenye kitabu mbele ya macho yako. Ndipo unauza. Na anayenunua anaandikwa: jina, kijiji, siku. Mashahidi wawili. Akikataa kuandikwa, huyo mwizi, mfukuze!"

"Sasa hivi hayo yatanisaidia nini, mzee? Mume wangu anakufa."

Zenon akakuna kichwa. Kisha akasimama wima.

"Injini iko wapi?"

"Kwa Alois. Anapondea majembe."

"Injini ina namba yake, imechongwa kwenye chuma. Na boma wanayo kwenye kitabu. Kimbia, mwite karani!"

Beda alikataa mara mbili. Mara ya tatu Mwantum aliketi mlangoni kwake, akakataa kuondoka. Mwisho karani akachukua kitabu na baiskeli.

Kasense walimkuta Alois anaponda chuma, cheche zinaruka. Injini ilikuwa imezama nusu ardhini, imepigwa nyundo miaka mitatu.

"Muipindue?" Alois aling'aka. "Nikikosa hii, watu wa Kasense watalima kwa meno?"

Lakini aliposikia habari akaweka nyundo chini. Walisukuma wote, mpaka karani. Injini ikageuka. Ubavuni palikuwa na masizi na kutu tu. Hakuna namba.

"Hakuna kitu hapa," alisema Beda, akafunga kitabu.

"Subiri!" Mwantum alichota majivu ya mhunzi. Akapiga magoti, akasugua. Alisugua mpaka vidole vikatoa damu. Tarakimu ya kwanza ikatokea. Ya pili. Karani akafungua kitabu tena, akasoma polepole, tarakimu kwa tarakimu.

"Ndiyo hii," alisema. "Yote."

Wakatafutwa na waliopakia lori siku ile. Nao wakasema liliondoka Katandala halina injini, juu ya lori lingine. Hamis akatoka. Bwana DC, mkuu wa wilaya, alimkemea mbele ya watu kwa uzembe wake, lakini akatoka. Alirudi nyumbani akitembea kama mzee.

Mwenye kofia ya kahawia hakupatikana. Mpaka leo.

Ila Katandala ilijifunza. Abdala alipotaka kuuza gari lake bovu, Mwantum alifika na spana mkononi kabla ya mnunuzi. Waliving'oa vibao, wakaenda boma, Beda akafuta jina wakiangalia. Mnunuzi akaandikwa, mashahidi wakatia sahihi. Abdala akalala usingizi. Ndivyo watu wote wakafanya baada yake.

Basi siku moja mwanamume akaingia dukani. Nguo zina vumbi la njia ndefu.

"Naitwa Evaristi," alisema. "Natoka Kate. Aliyegongwa ni Silvana, mke wangu."

Hamis alisimama, akakaa tena.

"Sikuja kwa ugomvi," alisema Evaristi. "Boma wameniambia huna hatia. Wameniambia lori lilikaa miaka mitatu, kuku wanataga ndani. Lakini mimi nilikuwepo njiani. Namba nilizisoma mimi. Hazikuwa na kutu hata kidogo. Nani alizisugua zikang'aa vile?"

Hamis aliinamisha kichwa. Mwantum alikuwa na kibaba cha chumvi mkononi, na vidole vyake bado vina makovu.

Msomaji, ungekuwa Mwantum, ungemjibu nini mtu yule?