Masizi ya Mababu

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kawira aliisikia brashi akiwa bado uani, akimsukuma Mzee Leong kwenye kiti chake cha magurudumu. Akashtuka. Ndani hakukuwa kumebaki kitu cha kusugua.

Alipofungua mlango wa jumba la mababu, Kalume, mchumba wake, alikuwa juu ya ngazi, kifua mbele, na ndoo ya maji meusi tii pembeni. Boriti kubwa juu ya madhabahu, iliyokuwa ikiingia weusi tangu babu zake Mzee Leong walipofika Sydney, sasa nusu yake ilikuwa inang'aa.

"Naisafisha kwa ajili ya arusi yetu," alisema. "Kwetu Bukavu, bibi-arusi haingizwi nyumba yenye masizi."

Kawira aliitazama boriti, kisha mzee. Mzee huyu, ambaye Kawira anamuuguza mwaka wa pili sasa, ndiye aliyekubali jumba likishakarabatiwa liwe la mtaa mzima, Mchina kwa Mwafrika, na arusi yao iwe ya kwanza. Ndiye pia ambaye Kawira alimbembeleza ampe Kalume kazi ya useremala, baada ya kijana kuacha kazi tatu mwaka mmoja, kila moja kwa kukemewa neno moja tu na supavaiza.

"Kalume, ule ni moshi wa udi. Kila marehemu wao aliyeombewa hapa, moshi wake ulikuwa pale juu. Sasa uko kwenye ndoo yako."

Kalume alishuka polepole.

"Nani aliniambia? Miezi ine naunga mbao bila musumari hata moja, leo mimi ni muharibifu?"

"Hakuna aliyekuita hivyo."

Lakini alikuwa ameshatoka. Simu ya Kawira ikatetemeka: ujumbe wa Kalume.

"Ambia Papa Leong pole. Naenda Perth kwa rafiki yangu Siméon, kule kazi iko."

Kawira akajibu: "Hii itakuwa kazi ya nne kuacha. Ukipita geti hilo, pete yako utaikuta ndani ya ndoo."

Akatega sikio. Geti la uani hupiga kelele ukiligusa tu. Dakika moja. Mbili. Geti halikulia.

Kalume akarudi, kofia mkononi, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Papa, nimekosa."

Kawira akamtafsiria mzee kwa Kiingereza. Mzee aliikazia macho boriti, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alisema mama yake alikuwa akiyanung'unikia masizi yale kila mwaka mpya, ila hakuwahi kuthubutu kuyagusa. Akachomoa pakiti ya udi chini ya blanketi lake, akamnyooshea Kalume.

"Anasema masizi hurudi," Kawira alitafsiri. "Ila yanataka mtu wa kuyarudisha."

"Miaka ngapi?"

"Wao iliwachukua mia."

Kalume aliipokea pakiti kwa mikono miwili. Akamtazama Kawira, akamgeukia mzee.

"Papa, kila Siku ya Mungu tukitoka misa, mimi na huyu tutakuja kuwasha. Tukichoka, watoto wetu watawasha. Mimi siendi tena popote."