Chini Kuna Mtu Mmoja

Siku Wegesa alipokwenda machimboni kufunga kimashine chake, jua lilikuwa kali hadi kioo cha kompyuta hakisomeki. Mchimbaji mmoja, Mniko Ryoba, akavua koti lake lenye matope akamkingia kivuli.

"Fanya kazi fundi, mimi nitakuwa mti," alisema, na wenzake wakacheka.

Wegesa alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika kampuni ya uhandisi pale Nyamisangura, Tarime. Wenzake walipima miamba na kuchora nguzo za machimbo ya dhahabu. Yeye alikaa siku nzima na maandishi kwenye kioo. Walimtania kwamba anachimba bila kuchafuka. Hakukasirika. Kazi ile ilimlisha yeye na mtoto wake mchanga, tena aliipenda.

Programu yake ilihesabu watu. Mchimbaji akishuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, anagusisha kadi kwenye kimashine kilichofungwa mlangoni. Akipanda, anagusisha tena. Msimamizi anaona kwenye simu ni nani yumo chini.

Mniko aliwaelekeza wazee kugusisha kadi, mmoja mmoja, bila kumcheka mtu. Lakini yeye mwenyewe alisahau karibu kila jioni. Alipanda amebeba vifaa vya wenzake, mikono imejaa, akapita tu. Kesho yake anaitwa na kufokewa mbele za watu.

Wegesa akamhurumia. Akaongeza mstari mmoja kwenye programu: ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, aliyesahau kugusisha, mashine imtoe yenyewe.

"Umeniokoa, fundi," Mniko alimwambia.

Miezi miwili baadaye mvua ikanyesha siku tatu. Jioni ya tatu, saa moja kasoro, duara likabomoka. Msimamizi, mzee Nyangwine, akatazama simu. Waliomo chini: sifuri.

"Mungu mkubwa," akasema. "Wote wametoka."

Asubuhi katapila likafukia mdomo wa duara. Kimashine kikafunguliwa, kikarudishwa mezani kwa Wegesa.

Mniko hakuonekana nyumbani. Watu wakasema ameiba jiwe la dhahabu, amevuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya, anakula raha na mwanamke mwingine. Mashine si ilisema ametoka? Wegesa naye aliamini. Au alitaka kuamini.

Siku ya tisa, mchana, watu wamekwenda kula. Kile kimashine mezani kikalia. Pii.

Hakikuwa na waya. Hakikuwa na betri.

Akatazama kompyuta. Mniko Ryoba: ndani.

Akafuta. Saa kumi na mbili na nusu ikapita, akaenda kunyonyesha. Asubuhi aliposoma kumbukumbu za mashine, akakuta jina limerudi lenyewe, na mashine imelitoa kwa wakati wake. Dakika moja baadaye, ndani. Jioni ya siku hiyo mashine ikamtoa tena. Dakika moja, ndani.

Akaifunga kadi ya Mniko isifanye kazi. Pii.

Meneja wake, Hamim, akaja akainama sikioni mwake. "Mwondoe huyo mtu, dada. Mwenye duara asije akaona."

"Nimemwondoa mara nane, bosi."

Hamim akakitazama kimashine. Kilikuwa kinatoa maji. Maji mekundu, taratibu, kama jasho. Akatoka, na hakurudi siku ile.

Alasiri akaingia mke wa Mniko, Bernadetha. Alikuwa ameleta ndizi mbivu, maana hakutaka kuja mikono mitupu.

"Dada, samahani kukusumbua. Mashine yako ilimwona akitoka. Je, iliona ameelekea wapi? Sitagombana naye. Watoto tu wanauliza."

Wegesa akaziweka ndizi mezani, kando ya kimashine.

Pii.

"Ni nini hicho?" Bernadetha akanong'ona.

Hapo Wegesa angeweza kusema ni ubovu. Angebaki na kazi yake, na Mniko angebaki mwizi na mhuni midomoni mwa watu. Akamshika yule mama mikono yote miwili.

"Hakutoka," akasema. "Mashine ndiyo iliyomtoa. Niliiandika mimi."

Bernadetha hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, polepole, kama mtu aliyetua mzigo.

Jioni ile Wegesa akaufuta ule mstari. Akaenda kwa mzee Nyangwine, akamwamkia, akamweleza yote. Mzee alilia. Alfajiri akawa wa kwanza kushika sepeto.

Walichimba siku mbili. Walimkuta karibu sana na mdomo wa duara, hatua chache tu chini ya udongo wa katapila. Amekaa. Mgongoni ana vifaa vyake na vya mzee mmoja mwenye kiuno kibovu. Kadi iko mkononi, ameibana kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa limelika pale alipokuwa akiigusisha.

Daktari alisema hakufa siku ile. Aliishi siku mbili. Labda tatu.

Walimzika kwao, na kaburini hakuna aliyemwita mwizi tena. Bernadetha alimsogelea Wegesa, akamfunika vizuri kwa khanga mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni, jua lisimchome. Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomvunja Wegesa kabisa.

Jumatatu akarudi ofisini. Kimashine kilikuwa kikavu, kimya. Akafungua kompyuta ili aifunge programu ile moja kwa moja.

Jina la Mniko halikuwepo. Lakini namba haikuwa sifuri.

Waliomo chini: mmoja.

Akabonyeza aone jina.

Wegesa Simioni: ndani. Ameingia jioni ile duara lilipobomoka, saa moja kasoro.

Wegesa hakuwahi kuwa na kadi. Akangoja saa kumi na mbili na nusu ifike. Ikafika, ikapita. Hakuna kilichomtoa.