Damu ya Kanga wa Kumi na Mbili

Kanga wa Shem, mfugaji na muuza ndege, alichoropoka kwenye boksi pale madukani Adams Arcade saa sita mchana, akatua kwenye kofia ya polisi, akavuruga sinia la mandazi, akaishia mikononi mwa Kaindi. Mkibisha, mwulizeni polisi.

Kaindi alivaa gauni la njano na raba nyeupe.

"Sasa mrembo, nirudishie ndege yangu."

"Niuzie. Nataka ubongo na damu, vya ndege mmoja."

Mwanamume mwingine angetimua mbio. Shem aliuliza, "Unataka ngapi?"

"Kumi na wawili. Uwachinje mwenyewe, kila ubongo na chupa yake ya damu."

Kaindi alifanya kazi katika maabara moja ya Parklands. Kila mnyama ana maandishi ya asili, DNA. Mwili huyanakili kuwa RNA, kisha huchokonoa nakala hiyo, ukibadili herufi hapa, herufi pale. Kaindi aliorodhesha sehemu zinazochokonolewa katika aina thelathini na saba za wanyama, kuanzia pweza hadi punda. Miaka minne ya kazi. Ndiyo ingempa shahada ya uzamivu. Sharti lilikuwa moja: ubongo na damu vitoke kwa mnyama yule yule, la sivyo tofauti za kuzaliwa zingehesabiwa kama mabadiliko.

"Nikifunga orodha, Jumamosi yake nakuja Kinoo kuona mamako," alimwahidi Shem, wakidokoa chipsi.

"Si uifunge hata kesho, mpenzi!"

Akaifunga, akaituma kwa watafiti wenzake. Alhamisi, simu ya Shem ikalia.

"Babe, kanga wa kumi na mbili ana mabadiliko mara kumi ya wenzake. Ile damu ni yake?"

Shem akahamishia simu sikio la pili.

"Shem?"

"Chupa ilimwagika, na nilikuwa nishamchinja. Nikatoa kwa dadake. Mayai ya mama mmoja, Kaindi! Tofauti iko wapi?"

"Sehemu elfu nne za uongo, na jina langu juu yake. Watu washaanza kuzitumia."

"Nilitaka umalize. Nilitaka uje."

"Ningengoja kanga mwingine. Wiki mbili tu!"

"Si nimekwambia ukweli?"

"Nimekuuliza ndio ukasema. Na wale kumi na mmoja?"

"Hao wako sawa, naapa."

"Nitajuaje? Sasa hata ukisema unanipenda, nitataka kujua umetoa kwa nani."

Akakata simu. Akawaandikia wote waliopokea orodha, akafuta kanga wote, na mahafali yake yakasogea mwaka mzima.

Jumamosi mamake Shem, kitenge kipya kiunoni, alichungulia barabara ya Waiyaki Way tangu asubuhi.

"Ugali nisonge ya watu wangapi?"

"Wawili tu, mama."